Kisima cha Wake Wenza, Pujini

Kisima hiki kimo katika magofu ya ngome ya Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake. Ngome ni ya karne ya 15, na Wapemba huihusisha na Mkame Ndume, mtawala aliyesifika kwa ukatili.

Yasimuliwa kwamba wakeze wawili hawakupatana kabisa, hivyo kisima kikagawanywa kwa ukuta: mmoja alishuka kwa ngazi, mwenziwe aliteka kwa ndoo na kamba, wasionane. Masimulizi haya, yenye thamani kubwa, yanaonyesha pia kuwa kuteka maji kulihesabiwa kazi ya kike, hata nyumbani kwa mtawala.

Tafadhali usikanyage kingo za kisima.