Chama, Mtaa na Ngoma: Vyama vya Lelemama katika Historia ya Mombasa

Historia ya miji ya pwani ya Kenya imeandikwa mara nyingi kama historia ya watawala, wafanyabiashara na wanazuoni. Maisha ya mtaani, ambamo watu wengi hasa ndimo walimoishi, yametajwa kwa kupita tu, na ngoma zake zikahesabiwa kuwa ni pumbao. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba vyama vya ngoma vya wanawake wa Mombasa havikuwa pumbao peke yake. Vilikuwa ni taasisi zenye viongozi, mali, siasa na lugha yake maalumu. Na asiyevifahamu hataweza kueleza vizuri namna wanawake wa mji huo walivyoingia katika mambo ya hadhara kabla ya uhuru wa 1963.

Yafaa kwanza kukumbuka hali ya mji wenyewe. Mombasa ilikuwa mji wa Thenashara Taifa, waliogawanyika katika Taifa Tisa wa Mvita na Taifa Tatu, yaani Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Ushindani wa pande mbili, basi, haukuletwa na wageni. Ulikuwa ni desturi ya kale. Baada ya himaya ya Waingereza kutangazwa mwaka wa 1895 na ujenzi wa reli kuanza mwaka wa 1896, wageni wengi waliingia mjini kutafuta kazi. Mwaka wa 1907 hali ya utumwa ilifutwa kisheria. Lakini sheria haikuweza kumpa aliyekuwa mtumwa ukoo, wala jamaa wa kumzika. Katika mji uliopima watu kwa nasaba, hilo lilikuwa ni jambo zito.

Ni katika miaka hiyo ndipo beni ilipoenea pwani. Neno lenyewe lastahili kuangaliwa na mwanaisimu, kwa kuwa beni na bendi yametokana na neno moja la Kiingereza, lililokopwa mara mbili. Mara ya kwanza wenyeji walilichukua kwa sikio, wakaliacha konsonanti ya mwisho na kulifanya jina la ngoma yao wenyewe. Mara ya pili lilikuja na maana yake ya kigeni. Vyama vya beni viliiga magwaride, sare na vyeo vya jeshi na vya ufalme wa Waingereza. Vya Mombasa vilijulikana kwa majina kama Kingi na Skochi. Wengine wameona katika hayo kumtukuza mtawala, na wengine kumfanyia dhihaka. Kwa maoni yangu, yote mawili yaweza kuwa kweli pamoja, kwani mwenye kucheza mfalme mtaani kwake amekwisha kuonyesha kuwa ufalme ni kitu kinachoweza kuchezwa.

Wanawake nao walikuwa na lelemama, ngoma ya mwendo wa taratibu, ambayo uzuri wake umo katika utulivu wa mwili na umoja wa mstari. Waliunda vyama vilivyofungamana na vile vya beni, kisha vikatokea vingine vyenye majina ya Kiarabu, ambavyo mashuhuri kati yake ni Ibinaal Watani na Banu Saada. Mwanamke alivutwa chamani na jamaa, na jirani, au na kungwi wake. Akiisha kuingia, alitoa mchango, alishona sare, na alishika cheo kwa kadiri ya uwezo wake. Siku za harusi na za matanga, mwanachama hakuachwa peke yake: wenzake walikuja kupika, kuchanga na kukaa naye. Kwa mwanamke aliyetoka katika utumwa, chama kilimpa watu wa kumwita mwenzao.

Nyimbo zilikuwa ndizo silaha za chama. Ndani yake wapinzani walipigwa vijembe, na mwenye kuvunja adabu alisemwa kwa mafumbo ambayo mtaa mzima uliyaelewa, ingawa hakutajwa jina. Hapa pana somo kwa wanafunzi wa ushairi. Fumbo halikuwa ni pambo la maneno tu. Lilimwezesha mshairi kutoa hukumu bila ya kushitakiwa, na msikilizaji kuipokea bila ya kukiri kuwa ni yake.

Haifai, hata hivyo, kuvisifu vyama hivi kupita kiasi. Mashindano yalikula mali nyingi na yaliwatia majirani katika uhasama. Cheo cha ngoma hakikufuta asili ya mtu machoni pa wenye nasaba. Wanazuoni nao walikuwa na hoja zao. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka wa 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika kwa ukali kulaumu ubadhirifu na mila alizoziona kuwa ni uzushi.

Lakini ujuzi wa kuendesha chama haukupotea. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 viliundwa vyama vipya vya wanawake wa Kiislamu, vilivyoshughulikia elimu na ustawi. Navyo pia vilikuwa viwili, vikishindana. Mwishoni mwa miaka hiyo wanawake wa Kiarabu wa Mombasa walitia sahihi ombi la kudai haki ya kupiga kura. Margaret Strobel, katika uchunguzi wake uliochapishwa katika miaka ya 1970, aliufuata uzi huo kutoka kwenye lelemama hadi kwenye madai ya siasa. Waliokwisha kuzoea kukusanya michango, kugawana vyeo na kuita watu wakaja hawakuwa wageni katika kazi hiyo.

Leo neno chama lina maana mbili kubwa nchini Kenya. Moja ni chama cha siasa. Ya pili ni kikundi, mara nyingi cha wanawake, kinachochanga fedha na kusaidiana katika harusi na misiba. Hii ya pili hudhaniwa kuwa ni jambo jipya, na hali lelemama ilikuwa nayo zamani. Mwaka wa 1989 Sarah Mirza na Strobel walichapisha maisha ya wanawake watatu wa Mombasa kama walivyoyasimulia wenyewe. Kazi hiyo ni mfano mwema, lakini watatu ni wachache. Nyimbo nyingi za vyama zimo katika kumbukumbu za wazee, na kila mzee anapozikwa bila ya kuulizwa, tunapoteza mashairi yaliyokuwa pia sheria na kumbukumbu za mikutano ya mtaa wake. Kazi ya kuyakusanya ni ya idara zetu za lugha kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote.