Utambuzi wa akidi kwa bakteria wa kipindupindu

Utambuzi wa akidi ni njia ambayo bakteria hutumia kupima wingi wao mahali walipo: hutoa kemikali, huzipokea, kisha huwasha au kuzima baadhi ya jeni zao. Akidi ni ileile ya vikaoni; idadi isipotimia, uamuzi haupitishwi. Mfano mmoja uliochunguzwa sana ni Vibrio cholerae, bakteria anayesababisha kipindupindu.

Namna inavyofanya kazi

Kila bakteria hutoa molekuli ndogo, hasa CAI-1 na AI-2. Wakiwa wachache, molekuli hizo hutawanyika. Hapo protini LuxO husababisha kutengenezwa kwa RNA fupi zinazozuia protini nyingine, HapR. HapR ikikosekana, jeni za ugonjwa huweza kuwaka: bakteria hujishikiza kwenye utumbo mdogo na kutoa sumu inayofanya seli za utumbo zimwage maji na chumvi. Wakishakuwa wengi, molekuli hujaa, na HapR hutengenezwa. Huzima jeni za sumu na za kujishikiza, na kuwasha jeni ya kimeng'enya kinachowasaidia kubanduka.

Wanafunzi wengi hutarajia kinyume chake, na si bila sababu. Pseudomonas aeruginosa, anayeshambulia majeraha ya moto, hutoa sumu zake nyingi akishakuwa na wenzake wa kutosha. Kipindupindu lakini ni ugonjwa wa siku chache. Bakteria hunufaika wakitoka na kinyesi kwa wingi na kufika kwenye maji ya kunywa ya mtu mwingine.

Akidi si ishara pekee. Nyongo na bikaboneti za utumboni nazo huathiri jeni hizo kupitia protini ToxR na ToxT. Tena baadhi ya bakteria waliopatikana kwa wagonjwa wana kasoro katika jeni ya HapR, na bado huambukiza.

Historia

Jambo hili lilielezwa kwanza mwaka 1970 nchini Marekani, kwa bakteria wa baharini wanaotoa mwanga. Upande wa kipindupindu, maabara ya Bonnie Bassler katika Chuo Kikuu cha Princeton ndiyo iliyofanya sehemu kubwa ya kazi.

Pandemia ya saba ya kipindupindu ilianza Sulawesi, Indonesia, mwaka 1961, ikafika Afrika mwaka 1970 na Tanzania mwaka 1974. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea mikoa mingi pamoja na Zanzibar. Wagonjwa huokolewa kwa kurudishiwa maji na chumvi mwilini, wale mahututi kwa dripu. Antibiotiki hufupisha tu muda wa kuharisha.