Kuchagua mashine ya juisi ya nyumbani: anza na tunda, si na duka

Mpwani aliyehamia Kahawa Wendani, awe mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta au mfanyakazi wa kupanda matatu ya Thika Road kila asubuhi, huja na ladha zake. Ukwaju, pasheni, embe na ndimu ya maji baridi haviachwi Mombasa. Matunda yenyewe si tatizo: soko la Githurai liko jirani, na mananasi ya Thika hufika yakiwa bado na harufu ya shamba. Tatizo huwa mashine. Madukani zimepangwa za kila aina na kila moja inaitwa ya juisi. Wengi hununua iliyo na picha nzuri kwenye boksi, huitumia wiki mbili, kisha huipandisha juu ya kabati. Pesa hizo zingelipa matunda ya miezi.

Makala haya yanaeleza mashine zilizopo, kila moja inafaa nini, na mambo ya kukagua kabla ya kulipa.

Kazi ni mbili, kama tui

Anayejua kutengeneza tui anajua tayari siri ya mashine hizi. Kwanza nazi hukunwa kwa mbuzi, kisha machicha hukamuliwa kwa kifumbu. Juisi nayo ni hivyo: tunda lipasuliwe, kisha maji yatenganishwe na makapi. Mashine zinatofautiana kwa namna zinavyofanya kazi hizo mbili, na nyingine hufanya moja tu na kukuachia ya pili.

Kikamulio cha ndimu na machungwa

Kipo cha mkono, cha kubana au cha kuzungushia nusu ya chungwa, na kipo cha stima chenye kichwa kinachozunguka polepole. Kinafaa jamii ya ndimu, malimau, machungwa na balungi peke yake. Ni rahisi, hakipigi kelele, na huoshwa kwa dakika moja. Nyumba inayokunywa maji ya ndimu kila siku haihitaji zaidi ya hiki kwa kazi hiyo.

Blenda

Blenda hukuna tu, haikamui. Visu hupasua tunda pamoja na maji au maziwa, na kuchuja ni juu yako kwa chujio au kitambaa safi. Hata hivyo ndiyo inayofaa vinywaji vingi vya kwetu: embe, papai, parachichi, tende na maziwa, nanasi na tangawizi. Parachichi, ndizi na tende havina maji ya kukamua. Ni vya kusagwa tu.

Pasheni na mabungo yanataka uangalifu. Bonyeza swichi mara mbili au tatu kwa muda mfupi, nyama iachane na kokwa, kisha chuja. Ukiiacha blenda izunguke, kokwa husagika na kuharibu ladha. Stafeli litolewe kokwa zote kwanza, kwa kuwa zina sumu.

Mashine ya kasi

Hii ndiyo ile yenye mdomo mpana juu na ndoo ya makapi nyuma. Ndani kuna sahani yenye meno inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Hukwaruza tunda na kulirusha kwenye chujio la chuma. Inafaa vitu vigumu: karoti, bitiruti, tufaha, tangawizi. Ni ya haraka, lakini ina kelele, hutoa povu jingi, na makapi yake hubaki na unyevu. Embe bivu na papai huliziba chujio.

Mashine ya polepole

Ndani yake kuna skurubu nene inayozunguka kiasi cha mara 40 hadi 100 kwa dakika, ikiponda na kubana kwa pamoja. Makapi hutoka makavu zaidi, povu ni dogo, na kelele ni chache. Jirani wa fleti hataamka wakati wa daku. Inakamua mboga za majani, ambazo mashine ya kasi huzishindwa. Kasoro zake ni bei, ambayo ni mara kadhaa ya blenda, na muda: matunda hukatwakatwa na kutiwa kidogo kidogo.

Visivyohitaji mashine

Ukwaju na ubuyu hulowekwa, hufikichwa kwa mkono na kuchujwa. Hakuna mashine itakayokuongezea kitu. Miwa nayo ina nyuzi ngumu zinazojisokota na kuvunja mashine za nyumbani. Waachie wenye vinu vya miwa barabarani.

Stima na mizigo ya jamaa

Wengi huogopa tokeni, lakini hesabu ni ndogo. Blenda ya wati 500 ikifanya kazi dakika 3 hutumia sehemu moja ya 40 ya yuniti. Mashine ya polepole ya wati 200 kwa robo saa hutumia sehemu moja ya 20. Kwa hivyo usichague kwa hofu ya bili.

Cha kutazama ni volti. Stima ya Kenya ni volti 240, hezi 50. Mashine aliyoleta jamaa kutoka Dubai au Muscat kwa kawaida hufanya kazi hapa, na plagi yake ya miguu mitatu huingia bila shida. Iliyotoka Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja itaungua. Soma kibandiko kilicho chini ya mashine kabla ya kuichomeka.

Kabla ya kulipa

Ifungue yote mbele ya muuzaji, kisha uifunge tena mwenyewe. Ikikuchosha dukani, itakuchosha zaidi jikoni. Ingiza kidole kwenye kila pembe ya sehemu inayoguswa na juisi, ukiepuka makali: pembe isiyofikika haitaoshwa, na masalio ya tunda huoza upesi.

Uliza vipuri: mpira wa kuzuia maji, visu, jagi. Nairobi, Luthuli Avenue inajulikana kwa vifaa vya stima, lakini jina lisilojulikana kabisa huenda usilipatie kipuri hata huko.

Soma maelekezo kuhusu muda. Blenda nyingi za nyumbani hutakiwa kupumzika baada ya dakika moja hadi tatu. Mota ikinuka, zima. Tafuta alama ya KEBS, dai risiti na waranti ya maandishi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, na risiti ndiyo ushahidi wako.

Sukari na maji

Jambo hili wauzaji hawalisemi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linahesabu sukari ya juisi ya matunda pamoja na ile ya kuongezwa kwa kijiko, na linasema ni bora isizidi kiasi cha gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima. Glasi ya robo lita ya juisi ya machungwa, bila kuongezwa chochote, ina takriban gramu 20 hadi 25. Nyumba yenye mgonjwa wa kisukari ilipime jambo hili kabla ya kununua mashine inayotupa makapi yote, kwa kuwa nyuzi za tunda hubaki humo. Embe la blenda lisilochujwa huwa na nyuzi zake. Tunda la kutafunwa ni bora zaidi.

Juisi pia haipikwi. Maji ya kuchanganyia yawe yamechemshwa au kutiwa dawa, hasa penye maji ya mgao au ya bauza.

Basi ninunue ipi?

Andika vinywaji ambavyo nyumba yako ilikunywa mwezi uliopita. Kama ni ndimu, embe, pasheni, parachichi na tende, kikamulio cha mkono, blenda yenye jagi imara na chujio zuri vinatosha mwaka mzima, na Ramadhani pia. Kama karoti na bitiruti ni za mara moja moja, saga kwa blenda na maji kidogo, kisha kamua kwa kitambaa. Mashine ya kasi inunuliwe na anayekamua vitu vigumu mara nyingi kwa wiki. Ya polepole ni ya anayekunywa mboga na matunda yaliyokamuliwa kila siku na aliye na muda wa kuiosha kila siku.