Ramani Moja Tu: Mkeka Uliozika Ndoto za Vijana Wanne wa Counter-Strike

Mdau wa kubeti anaijua mikeka ya mpira: mshindi, idadi ya magoli, mpaka kona. Kwenye gemu la Counter-Strike kuna mkeka mwingine, wa ramani. Ramani ni kama uwanja. Mechi inaweza kuwa ya ramani moja, au tatu ambapo anayechukua mbili ndiye mshindi, na watu wanatabiri kila ramani peke yake. Sasa cheki jinsi ramani moja ilivyowamaliza vijana wanne Marekani.

Agosti 2013 Valve, wenye gemu la CS:GO, walileta skini, yaani rangi na michoro ya kupamba silaha. Skini haikuongezei shabaha hata kidogo, ila ilikuwa inauzika, na nyingine bei yake si mchezo. Haikuchukua muda zikageuka hela. Kwenye mtandao wa CSGO Lounge watu waliweka skini zao kwa timu wanayoiamini, na asilimia zikaonekana hapo hapo. Timu inayokimbiliwa na wengi ikishinda unapata kiduchu. Ile isiyotakiwa na mtu ndiyo yenye mzigo.

Agosti 2014, ligi ya CEVO. iBUYPOWER, moja ya timu kali kabisa Marekani Kaskazini, wanakutana na NetCodeGuides, timu ndogo. Ramani moja tu, inaitwa Season. Wa kwanza kufika raundi 16 anashinda. Watu kibao wameweka skini zao kwa iBUYPOWER bila wasiwasi. Matokeo? iBUYPOWER wakachapwa 16-4!

Watu wakaguna, minong'ono ikaanza, ila ushahidi hakuna. Mpaka Januari 2015, gazeti la mtandaoni la Daily Dot likaanika meseji za simu zilizoonyesha kwamba mechi ilipangwa. Valve nao wakapekua rekodi zao. Kumbe skini inaacha nyayo, kila ikihama akaunti inaandikwa. Wakamkuta mtu aliyevuna skini nyingi za bei kwenye mechi ile, na mzigo ukaja kuishia kwa wachezaji wenyewe.

Januari 26, 2015 rungu likashuka. Watu saba wakafungiwa mashindano yote yanayodhaminiwa na Valve, wakiwemo wachezaji wanne wa iBUYPOWER. Mmoja alikuwa dogo wa miaka 18 tu, kipaji cha hatari. Januari 2016 Valve wakasema kifungo hicho hakina mwisho.

Hapo ndipo inapouma. Enzi hizo zawadi ya mashindano makubwa ya Valve ilikuwa dola 250,000 kwa timu zote. Mwaka huo huo wa 2016 ikapanda hadi dola milioni 1. Madogo waliuza ramani moja kwa skini za maelfu ya dola, hela halisi ikaja wao wakiwa nje ya geti.

Na yule mchezaji wa tano? Hakufungiwa, maana hakuonekana kupokea mzigo. Januari 2018 akiwa na Cloud9 alicheza fainali ya mashindano hayo mjini Boston dhidi ya FaZe. Ngoma ikawa 1-1, ikabaki ramani moja, Inferno. Wakaenda muda wa nyongeza, Cloud9 wakashinda 22-19. Ikawa timu ya kwanza ya Marekani Kaskazini kubeba kombe hilo, na dola 500,000 juu.

Wenzake wanne? ESL waliwafungulia mashindano yao mwaka 2017, ya Valve yakabaki marufuku. Gemu la VALORANT lilipotoka 2020, wengine wakahamia huko kuanza upya.

Ramani moja iliwafuta wanne, ramani moja ikampa mwenzao ubingwa. Wewe mdau unasemaje, kosa la dogo wa miaka 18 linastahili kifungo cha maisha?