Snake (mchezo wa simu)

Snake, yaani Nyoka, ni mchezo wa video uliobuniwa na Taneli Armanto, mhandisi wa kampuni ya Nokia ya Ufini. Ulitoka mwaka 1997 ndani ya simu ya Nokia 6110. Asili yake ni Blockade, mchezo wa mashine za sarafu uliotolewa Marekani na kampuni ya Gremlin mwaka 1976.

Uchezaji

Mchezaji humwongoza nyoka kwa vitufe 2, 4, 6 na 8. Kila akimeza chembe, hurefuka. Akijigonga mwilini, mchezo umekwisha. Toleo la pili, Snake II, lilikuja na Nokia 3310 mwaka 2000.

Afrika Mashariki

Mtandao wa MTN ulianza kazi Rwanda mwaka 1998, enzi za simu hizo za vitufe. Mchezo haukuhitaji televisheni, kanda wala intaneti. Kwa hiyo ulifaa sana mahali pa kusubiri kama Nyabugogo, kituo kikuu cha mabasi cha Kigali: abiria wa Huye au Musanze aliweza kucheza kwa kidole gumba kimoja, mzigo ukiwa mapajani. Kwa wengi, huo ndio mchezo wa video wa kwanza maishani, nao unastahili kukumbukwa kwa heshima.