Habari Itangulie Maji

Sisi wa Mwembesongo tunaijua tabia ya Uluguru: mvua hunyesha mlimani, huku chini jua linawaka, mara mto unajaa.

Mwaka 1984 Bob Bruninga, mhandisi Mmarekani, alitumia kompyuta ndogo na redio za ridhaa kufuatilia farasi katika mbio za maili 100. Miaka ya 1990 mfumo wake, APRS, uliunganishwa na GPS. Kituo hurusha ujumbe mfupi: nipo hapa, mvua ni kiasi hiki, kingine huupokea na kuurusha mbele.

Chuoni niliwafundisha walimu kupima mvua na kuiandika daftarini. Somo lilikuwa nusu. Kipimo kisichomfikia aliye bondeni ni kumbukumbu, si onyo.