Matuta ya Waklingon

Hebu jiulize, msomaji: taifa zima laweza kuota matuta usoni ndani ya miaka 12? Katika Star Trek liliweza!

Mwaka 1967, Waklingon walipotokea mara ya kwanza katika mchezo huo wa televisheni wa Marekani, walikuwa watu wa kawaida tu: rangi usoni, masharubu, nyusi nene, basi. Bajeti ya kila wiki ilikuwa finyu. Ikaja filamu ya 1979, yenye pesa za sinema, na Waklingon wenye matuta ya mifupa kwenye paji. Maelezo? Hakuna.

Watazamaji wakabishana miaka nenda rudi. Mwaka 1994 utamu ukazidi: Colicos, Ansara na Campbell, walioigiza Waklingon wa paji laini miaka ya 1960, wakarudi katika Deep Space Nine, wahusika walewale, sasa wana matuta! Mwaka 1996 Mklingon Worf akaulizwa na wenzake. Akajibu kwa mkato: hayo hawayazungumzi na wageni.

Mwaka 2005 mchezo wa Enterprise ukatoa sababu: Waklingon walijaribu kujiimarisha kwa mbegu za binadamu walioboreshwa maabara, virusi vikazuka, matuta yakapotea.

Wapo waliofurahi. Mimi nasema Worf alitosha. Kosa lilizaliwa na ukata, na sentensi moja ililikiri huku ikituchekesha. Nasi tunaoandika, tukikuta tundu katika hadithi, tuzibe. Ila kiraka kisiwe kikubwa kuliko nguo.